Kuchagua mota isiyo na brashi kwa pampu ya ngama ya chombo cha mfano

Chombo cha mfano, yaani mashua au meli ndogo inayoendeshwa kwa redio, huvuja kama kinavyovuja chombo cha kweli, na mahali penyewe ni pale pale: kwenye tundu la shafti ya rafadha (panga linalosukuma chombo), kwenye tundu la usukani, na sitahani ambako wimbi hupanda na kukuta kifuniko hakikukazwa vizuri. Maji hayo hushuka ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na kutulia chini ya betri, mbali na macho ya anayekiendesha chombo akiwa ukingoni, na humo ndani hamna baharia wa kushika upo (kata ya kutekea maji) akayafua maji hayo. Kazi hiyo tunaikabidhi pampu, na pampu inataka mota.

Swali la mota gani ifungwe mara nyingi huanzwa kwa mwisho wake. Mtu ana mota iliyobaki kutoka kwenye droni, au ameona moja yenye nguvu nyingi na umbo dogo, basi anaanza kuitafutia pampu. Mimi nashauri tuanzie kwenye maji: yanaingia kiasi gani, yatapita katika mpira wa upana gani, yatasukumwa na impela (gurudumu la ndani ya pampu) ya ukubwa gani, impela hiyo izunguke kwa kasi gani, na hapo ndipo mota itafutwe. Anayefuata mpangilio huo hugundua kwamba anahitaji mota ndogo kuliko alivyodhani, na inayozunguka polepole kuliko karibu mota zote zinazouzwa kwa ajili ya droni na mashua za mbio.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu sababu ya kuacha brashi. Pampu ya ngama hukaa wiki nyingi bila kazi, tena mahali penye unyevu. Katika mota ya brashi, brashi, ambazo ni vipande vya kaboni, hukandamiza komuteta ya shaba inayozunguka na kupokea umeme, na unyevu huota utando wa kutu ya shaba kati ya viwili hivyo, hata siku pampu inapohitajika haishtuki. Mota isiyo na brashi haina kinachogusana ndani yake isipokuwa beringi. Haitoi cheche, jambo la maana kwa chombo chenye injini ya petroli ambamo mvuke unaweza kujikusanya, na kwa kukosa cheche haichafui mawimbi ya redio ya kuendeshea. Hata hivyo inadai kidhibiti kasi chake, na kidhibiti hicho kinadai amri inayofaa, kwa hiyo mwenye chombo kidogo cha kuchezea bwawani siku tulivu hatakuwa amekosea akibaki na pampu ya brashi. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuamua.

Maji kwanza

Tundu lenye kipenyo cha milimita 3 lililo sentimita 5 chini ya usawa wa maji hupitisha takriban robo lita kwa dakika. Hesabu yake si ngumu: katika kina hicho maji huingia kwa kasi inayokaribia mita 1 kwa sekunde, na kwa kuwa mkondo hujibana unapopenya tundu dogo, hutumia takriban asilimia 60 tu ya eneo la tundu lenyewe. Tundu la milimita 6 lina eneo mara nne ya hilo, kwa hiyo hupitisha lita moja kwa dakika. Kwa chombo chenye uzito wa kilo 5, lita moja ya maji ni sehemu moja ya tano ya uzito wake, na maji hayo hayatulii: chombo kikilala upande mmoja, yote hukimbilia upande huo huo na kukilaza zaidi. Mara nyingi chombo cha mfano hupinduka kwa ajili ya maji yanayohama kabla hakijazama kwa uzito wake.

Kutokana na hesabu hiyo, pampu inayotoa lita 2 kwa dakika inatosha vyombo vingi vya mfano vyenye urefu wa hadi mita moja hivi. Inamudu tundu baya kuliko yote unayoweza kulitarajia bila kugonga mwamba, na bado inabaki na akiba mara mbili. Anayetaka lita 10 kwa dakika ajiulize ni tundu gani analoliwazia, kwa sababu tundu la ukubwa huo dawa yake ni kalafati, yaani kuliziba.

Mpira wa kutolea maji una athari kubwa kuliko inavyodhaniwa, nami ningependa tukae hapa kidogo. Chukua mpira wenye urefu wa nusu mita na upana wa ndani wa milimita 4, kisha ulazimishe kupitisha lita 2 kwa dakika. Maji yatakwenda kwa kasi ya zaidi ya mita 2.6 kwa sekunde, na msuguano pamoja na nguvu inayopotea mdomoni vitaitaka pampu isukume kana kwamba inapandisha maji mita moja na nusu na zaidi. Badilisha mpira huo kwa mwingine wa milimita 8, na mahitaji hayo yanashuka hadi chini ya sentimita 10. Kiasi cha maji ni kile kile, urefu ni ule ule, kilichobadilika ni upana peke yake. Msuguano ndani ya mpira hupungua kwa takriban mara 32 kila upana unapoongezwa maradufu, na hakuna mota utakayoinunua itakayokupa faida kama hiyo. Kwa hiyo weka mpira wa milimita 8 au, nafasi ikibana sana, milimita 6, uupinde kwa mviringo mpana usiokunjika, na mdomo wake utokeze juu ya usawa wa maji hata chombo kinapolala. Pampu ya impela haina vali ndani yake. Mdomo ukizama wakati pampu imesimama, maji ya nje hurudi ndani kwa njia ile ile.

Ukijumlisha kupanda kwa sentimita 20 kutoka ngamani hadi ubavuni, msuguano wa mpira mpana, kona mbili tatu na chujio, pampu yako itakuwa inafanya kazi kama ya kupandisha maji nusu mita. Lita 2 kwa dakika kwa nusu mita ni chini ya robo ya wati moja ya kazi halisi juu ya maji. Hata tukikubali kwamba pampu ndogo ya kutengeneza kwa mkono hupoteza sehemu kubwa ya nguvu inayopewa, shafti yake haitadai zaidi ya wati 2. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kukumbuka unapotazama mota zilizoandikwa wati 150 au 300.

Kasi ya impela na namba ya KV

Impela ni gurudumu dogo lenye mapezi linaloyashika maji katikati na kuyarusha pembezoni. Uwezo wake wa kupandisha maji hutegemea kasi ya ukingo wake, na kwa pampu ndogo za kawaida, kimo cha juu kabisa kinachofikiwa mpira ukiwa umezibwa ni takriban nusu ya kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa mvutano wa dunia. Impela ya milimita 25 inayozunguka mara 4000 kwa dakika ina ukingo unaokwenda mita 5.2 kwa sekunde, na hiyo hutoa kimo cha mita 1.4 hivi. Ikizunguka mara 3300, kimo hushuka hadi karibu mita moja, ambayo bado ni maradufu ya nusu mita tunayoihitaji. Ukitumia impela ya milimita 20, kasi inayolingana na 3300 itakuwa takriban 4100.

Sasa ndipo inapoingia namba ya KV, ambayo humaanisha mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota inapozunguka bila mzigo. Mota ya KV 920 ikipewa volti 7 itazunguka takriban mara 6400 ikiwa tupu. Ikibeba mzigo hupungua. Kwa usalama chukua asilimia 80 ya kasi ya bila mzigo kuwa kasi ya kazini.

Ni volti ipi ya kutumia katika hesabu? Wengi huchukua ile iliyoandikwa kwenye betri, na hapo hukosea kwa namna inayoumiza. Seli ya lithiamu huandikwa 3.7, lakini huanza na 4.2 ikiwa imejaa na kufikia 3.5 unapokaribia kuirudisha nyumbani. Maji nayo huzidi ngamani kadiri muda wa majini unavyosonga, kwa hiyo pampu huhitajika zaidi wakati betri imechoka. Basi piga hesabu ya kasi kwa volti ya mwisho, na hesabu ya ampea na joto kwa volti ya mwanzo. Betri ya seli mbili ina volti 7.0 mwishoni na 8.4 mwanzoni, ya seli tatu ina 10.5 na 12.6.

Tuipige kwa mfano mmoja kamili. Tuna betri ya seli mbili na impela ya milimita 20, na tunataka mizunguko 4100 kazini mwishoni mwa safari. Tukigawa 4100 kwa 0.8 tunapata kama 5100 bila mzigo; tukigawa hiyo kwa volti 7 tunapata KV 730. Kwa impela ya milimita 25, hesabu hiyo hiyo hutupatia KV 590. Tukihamia kwenye betri ya seli tatu, KV inayotakiwa kwa impela ya milimita 25 inashuka hadi 390.

Mtu aliyezoea mota za droni ataziona namba hizi kuwa ndogo mno, naye hushawishika kuongeza kidogo ili pampu iwe na nguvu. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kasi ya impela ikiongezeka maradufu, maji yanayotoka huelekea maradufu, kimo huwa mara nne, lakini nguvu inayodaiwa kwenye shafti huwa mara nane. Kwa betri ile ile, mara nane ya nguvu ni mara nane ya ampea. Mota ya KV 2300 ya droni za mbio, ikifungwa kwenye impela iliyostahili KV 600, haitaifikia kasi yake. Itajaribu kuifikia, itavuta umeme mwingi, itachemka, na maji nyuma ya mapezi yataanza kutoa mapovu na kelele bila kupanda zaidi. Fundi ataona mota moto na pampu dhaifu, kisha atahitimisha kwamba mota ilikuwa ndogo na kwenda kutafuta kubwa zaidi.

Tatizo la kweli ni kwamba mota ndogo zenye KV ndogo hazipatikani kwa wingi, kwa kuwa hudai mizunguko mingi ya waya mwembamba kwenye kila koili. Mota za kushikilia kamera huvutia kwa udogo wa namba zake, ila nyingi zimezidi upande wa pili. Yenye KV 80 kwa volti 12 haifiki hata mizunguko 1000. Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kuipa pampu betri yake ndogo ya seli mbili badala ya kuiunga kwenye betri kubwa ya rafadha, nayo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu betri ya rafadha ikifa katikati ya maji pampu huendelea kufua. Ya pili ni kupunguza kipenyo cha impela. Ya tatu ni kuzuia kasi kwa kidhibiti, na hii inakubalika ikiwa hushuki sana: mota ya KV 920 kwa asilimia 80 ya kasi inafanya kazi ya KV 730 bila matata. Ukilazimika kushuka hadi asilimia 20 au 30, ujue mota siyo, maana hapo ampea zinazopita ndani ya koili huwa nyingi kuliko zile unazozisoma kwenye betri, na kidhibiti huanza kupoteza mpigo wake.

Kwa mwenye mkono wa kuchomea risasi ipo njia ya nne. Mota ambayo koili zake zimeungwa kwa mtindo wa delta (pembetatu) inaweza kuungwa upya kwa mtindo wa nyota, na KV yake hugawanyika kwa 1.73, hivyo yenye 920 huwa na 530 hivi. Nyaya zake ni nyembamba na vanishi yake hukwanguka kirahisi, kwa hiyo jifunzie kwenye mota ambayo hutaililia.

Ukubwa wa mota

Mota hupewa namba kama 2204 au 2212, ambapo kwa watengenezaji wengi tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo cha kiini cha koili kwa milimita na mbili za mwisho ni kimo chake. Wengine hupima ganda la nje, kwa hiyo tazama mchoro kabla ya kuagiza. Kwa wati 2 za kwenye shafti, hata mota ndogo kabisa kati ya hizo ina nguvu iliyozidi mno.

Kipimo kinachostahili kutazamwa hapa ni ampea za bila mzigo, ambazo watu wengi huziruka. Mota ya ukubwa wa 2212 huweza kuvuta karibu nusu ampea ikizunguka tupu kwa volti 10, na nusu ampea hiyo yote huishia kwenye joto la chuma na msuguano wa beringi. Ikilinganishwa na kazi ndogo ya maji, mota hiyo hula umeme mwingi kwa ajili yake yenyewe kuliko inavyowapa maji. Kati ya mota mbili zenye KV inayokufaa, chagua ile yenye ampea chache za bila mzigo, nayo karibu kila mara huwa ile ndogo. Ukubwa wa ziada una faida moja tu, nayo ni shafti nene yenye beringi zinazostahimili. Shafti ya milimita 3 au 3.17 ni nzuri kwa kazi hii, na ya milimita 2 hupinda ukiigonga wakati wa kubadilisha betri.

Kuhusu umbo, zipo mota ambazo ganda la nje lenye sumaku ndilo linalozunguka, na zipo ambazo ganda limetulia na sumaku zinazunguka ndani. Za kwanza huwa na KV ndogo na nguvu nyingi ya kusokota, kwa hiyo kihesabu ndizo zinazofaa. Tatizo lao ni kwamba ganda linalozunguka ndani ya chombo kilichojaa nyaya hukamata chochote kilicholegea. Mimi nimepoteza waya wa antena kwa namna hiyo: ulikuwa umetoka kwenye kibanio chake kwa sentimita 2 tu, ukazungushwa kwenye ganda kama uzi kwenye kibiringo, na chombo kikaacha kusikia amri kikiwa mbali. Tangu hapo kila ganda linalozunguka nalijengea kizimba cha plastiki chenye matundu. Mota za ganda tuli ni rahisi kuzibana na kuzikinga, lakini KV zake aghalabu huanzia 2000 kwenda juu, na kwa pampu hudai gia ya kupunguza kasi. Sioni haja ya kujiongezea gia.

Mahali pa kuiweka na namna ya kuikinga

Waya za koili hupakwa vanishi, ndiyo maana mota isiyo na brashi inaweza kuzunguka ndani ya maji baridi na watu wakaistaajabia. Kuweza huko hakuifanyi kuwa mota ya kuzamishwa. Beringi zake ni za chuma, bati za kiini chake hushika kutu, na sumaku za neodimiamu huliwa haraka pale ngozi yake ya nikeli inapokwaruzwa. Maji ya chumvi huongeza kasi ya yote hayo, tena hupitisha umeme kupitia kila tundu dogo la vanishi. Isitoshe, ganda linalozunguka ndani ya maji huyakoroga bure, na umeme unaotumika kuyakoroga ungeweza kutumika kuyatoa.

Mpangilio ninaoupendekeza ni wa wima: impela ikae chini kabisa penye kina cha ngama, shafti ipande ndani ya bomba la shaba lenye bushi mbili za kuishikilia, na mota ikae juu, sentimita 5 au zaidi kutoka sakafu ya ngama. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna haja ya sili ya kubana shafti. Maji machache yakipenya kando ya shafti hurudi pale pale ngamani yalikotoka, kwa hiyo grisi ndani ya bomba inatosha, nayo sili kali ya mpira, ambayo ingeweza kula wati nzima kwenye pampu inayohitaji wati 2, haina kazi. Kwa kuwa impela imezama tayari, tatizo la pampu kushindwa kuvuta maji kwa sababu ya hewa nalo linaondoka. Pampu ya aina hii haijui kufyonza hewa. Kati ya mota na shafti weka kiungo laini cha mpira kinachosamehe kupishana kidogo, kisha zungusha kwa kidole: ukihisi mahali panaponata katika mzunguko, rekebisha sasa, kwa sababu mota haitakunyooshea.

Baada ya maji ya chumvi, suuza kwa maji baridi, kausha, na tia tone la mafuta mepesi kwenye kila beringi.

Kidhibiti kasi na jinsi mota inavyoanza kuzunguka

Kidhibiti kasi, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake ESC, hujua mahali zilipo sumaku kwa kusoma volti inayozalishwa na koili ambayo kwa wakati huo haikupewa umeme. Mota ikiwa imesimama, volti hiyo haipo. Kidhibiti basi huanza kwa kubahatisha, kikisukuma hatua baada ya hatua hadi sumaku zianze kufuata. Pampu ya impela huisaidia sana hali hii, kwa kuwa mzigo wake unakua pamoja na mraba wa kasi na mwanzoni ni kama haupo. Pampu ya gia ni kinyume chake: hudai nguvu tangu nukta ya kwanza, na mota isiyo na sensa hutetemeka papo hapo ikilia bila kuzunguka, huku koili zikipata moto. Anayetaka pampu ya gia atafute mota yenye sensa za sumaku na kidhibiti kinachozisoma. Kwa sababu hiyo hiyo, chujio la impela lisipuuzwe, maana uzi mmoja wa nywele au kipande cha jani kilichojisokota kwenye shafti huigeuza pampu laini kuwa ngumu kuanza.

Kidhibiti cha ampea 10 kinatosha na kusaza. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa betri yake. Ikiwa kidhibiti cha rafadha na cha pampu vyote viwili vina umeme wa volti 5 wa kulisha risiva (kipokezi cha redio), chomoa waya mwekundu wa kimojawapo ili visigombane.

Mahali ambapo wengi hukwama ni kwenye swichi ya boya, ile inayowashwa na boya linapoinuliwa na maji. Katika pampu ya brashi, swichi hukata na kuunga umeme wa mota, na mambo yamekwisha. Ukifanya hivyo kwa kidhibiti, kila boya linapopanda kidhibiti huwaka upya, hutoa milio yake kwa sekunde kadhaa, kisha kikikuta kimeamriwa kuzunguka tangu mwanzo hukataa kabisa, kwa kuwa kimeundwa kukinga vidole vya watu. Umeme wa kidhibiti lazima uwepo muda wote, na boya liguse amri peke yake. Amri yenyewe ni mipigo ipatayo 50 kwa sekunde, ambayo ikiwa na urefu wa mikrosekunde 1000 mota husimama na ikiwa na 2000 huenda kwa kasi yote. Kibao kidogo cha kompyuta kama Arduino kinaweza kusoma boya au sensa ya maji, kikatoa mpigo wa 1000 kukiwa kukavu na wa 1800 maji yakipanda, kisha kikaendelea kusukuma sekunde 5 baada ya sensa kukauka ili pampu isiwake na kuzimika kila chombo kinapoyumba. Asiyetaka kuandika programu aunganishe kidhibiti kwenye chaneli ya ziada ya risiva na kuwasha pampu kwa mkono kila baada ya dakika kadhaa, au anunue pampu ndogo isiyo na brashi ambayo kidhibiti chake kimejengwa ndani na ina nyaya mbili tu, kama zile za kupoza kompyuta. Pampu hizo hukubali swichi ya boya moja kwa moja, na kwa chombo chenye nafasi ni chaguo la busara.

Kujaribu kabla ya kufunga

Ukiisha kuunga nyaya tatu za mota, thibitisha mwelekeo kwa macho, usitegemee maji. Pampu ya impela ikizunguka kinyume bado hutoa maji, ila machache, na hilo ndilo linalodanganya. Pampu yangu ya pili ilizunguka kinyume kwa miezi mingi; ilikuwa ikitumia sekunde 70 kutoa lita moja, nami nikiamini kwamba mota ni dhaifu. Siku nilipoweka alama ya rangi nyeupe kwenye shafti na kuizungusha polepole ndipo nilipoona mapezi yanazunguka kinyume. Nilibadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, zozote mbili, na lita ile ile ikatoka kwa sekunde 28. Ikiwa impela yako imekazwa kwa hesi, mwelekeo usio sahihi una hatari nyingine, kwani unaweza kuifungua taratibu hadi ikaanguka ndani ya nyumba yake.

Kisha jaribu kwenye beseni, kwanza kwa betri iliyojaa. Soma ampea, kwa mota na impela za mwongozo huu zisizidi 1 au 1.5 kwenye betri ya seli mbili. Bana mdomo wa mpira kwa vidole: ampea zinapaswa kushuka, kwa sababu pampu ya aina hii hufanya kazi ndogo zaidi isipopitisha maji. Zikipanda, kuna kitu kinachosugua. Baada ya dakika 5 shika mota. Usipoweza kuishikilia imepita nyuzi 60 za Selsiasi, na sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kudhoofika zikikaribia nyuzi 80. Punguza kasi au kipenyo cha impela kabla ya kufikiria mota nyingine.

Mwisho rudia kwa betri iliyokwisha kutumika hadi volti 3.5 kwa kila seli, na upime sekunde za kutoa lita moja. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya pampu yako. Iandike kwa kalamu ya wino wa kudumu upande wa ndani wa kifuniko cha sitaha, pamoja na ampea zake, na upime tena kila unapokitoa chombo ghalani. Sekunde zikiongezeka na ampea zikapungua, safisha chujio. Sekunde zikiongezeka na ampea zikaongezeka, angalia beringi na grisi ya shafti.